Tutachepuka Kidogo pale Nyabibwe

Mwezi wa nane ukifika katikati, Prefe alikuwa anatundika ubao wake nje, kwenye ukuta unaotazama njia. Ulikuwa ubao mweusi wa darasani, wenye ufa upande mmoja, ambao shule ilimpa siku ya kustaafu badala ya saa ya ukutani wanayopewa wengine. Alichora Ziwa Kivu kwa chaki ya buluu, barabara kwa chaki nyeupe, na milima ya Kalehe kwa vipembe vidogo kama meno ya msumeno. Kisha aliketi chini ya ubao, na yeyote aliyepita njia hiyo ya Kasha, mtaa wetu wa Bukavu, awe anatoka kuchota maji au anakwenda misa, aliulizwa swali.

"Weye. Kutoka hapa mupaka Goma, ni wapi tunaacha ziwa na kupanda mulima?"

Aliyejibu vizuri aliruhusiwa kuendelea na shughuli zake. Aliyekosea alisimama pale mpaka ajue. Kuna mama mmoja, muuza mkaa, aliyebadilisha njia ya sokoni mwezi mzima kwa sababu hakutaka tena kusikia habari za Nyabibwe.

Huku kwetu mkuu wa shule ya sekondari tunamwita prefe, na mtu akishastaafu jina hilo halimtoki. Jina alilobatizwa nalo nililisikia mara chache sana, na kila mara nililisikia kanisani. Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, hayo wanayajua wenye kuyajua. Mimi nilikuwa jirani yake tu. Ua mmoja wa miti ya miyenzi ndio uliotutenga, na huo ulikuwa na tundu ambalo sote wawili tuliliacha makusudi.

Safari yenyewe ilikuwa hivi. Mwana wake mkubwa anaishi Goma. Mtu wa Bukavu akitaka kwenda Goma anapanda boti na kabla ya jioni amefika. Lakini Prefe alikuwa anaogopa maji. Alifundisha maziwa makuu ya Afrika kwa miaka mingi, urefu wake na kina chake, bila kutia mguu katika hata moja. Kwa hiyo yeye angekwenda kwa barabara: Kavumu, Katana, Kalehe, halafu Nyabibwe. Na pale Nyabibwe, alisema, "tutachepuka kidogo."

Huko kuchepuka kidogo ndiko kulikokuwa safari. Pale Nyabibwe unaiacha barabara ya ziwa, unapanda kaskazini kwenye milima ambako kuna baridi, ng'ombe na viazi, na njia ambayo lori likiteleza dereva anashuka kwanza kusali. Huko juu ndiko alikozaliwa mke wake, Mama Prefe, na huko ndiko mama yake mzazi alikokuwa bado anaishi, mkongwe kabisa. Mama Prefe hakuwa amemwona tangu kabla ya vita. Njia ilifungwa miaka mingi. Kisha ikafunguliwa, watu wakaanza kupanda na kushuka na viazi vyao, na yeye akaanza kungoja. Mambo ya Goma yalikuwa kisingizio, na sote tulijua. Mwana wao alikuja mwenyewe kila Noeli, kwa boti, na viatu vikavu.

Mama Prefe alikuwa anauza sambaza, dagaa wakavu wa ziwa letu, kwenye soko la Bagira. Hakuwa mwenye maneno mengi, labda kwa sababu katika nyumba ile maneno yalikuwa yameshachukuliwa yote. Alipita mbele ya ubao na beseni kichwani, akauangalia bila kusimama.

"Ile mulima ya tatu haiko pale," alisema siku moja.

"Iko wapi, basi?"

"Tuende, nitakuonyesha."

Prefe alikuwa na nadharia kuhusu kiangazi, na nadharia hiyo ndiyo iliyotuweka Kasha mwaka baada ya mwaka. Alisema watu wengi ni wajinga, wanaona jua la mwezi wa sita wanafikiri barabara imekauka. Juu imekauka, lakini chini bado kuna maji. Barabara ya mlima inakauka polepole kama mti uliokatwa. Wiki inayofuata ni nzuri kuliko wiki iliyopita. Kwa hiyo wakati bora kabisa wa kupita ni wiki ya mwisho ya kiangazi, kabla tu ya mvula. Ukiisikiliza nadharia hiyo ukiwa umeketi, na una glasi ya kasiksi, pombe yetu ya ndizi, mkononi, huoni kasoro yake. Kasoro yake ni kwamba hakuna mtu anayeijua wiki ya mwisho ya kiangazi mpaka mvula imeshanyesha. Kila mwaka Prefe alingoja barabara iwe tayari kabisa, na kila mwaka ilikuwa tayari kabisa siku moja kabla ya matope. Mvula ya kwanza ilimkuta na chaki mkononi, ikafuta ziwa, ikafuta milima, na maji ya buluu yakatiririka ukutani.

"Bon," alisema, akiingiza ubao ndani. "Mwaka kesho tutakuwa na uzoefu."

"Mama yangu anazeeka kila siku," Mama Prefe alimwambia. "Hangojee mwisho ya kiangazi ndio azeeke."

Nisije nikamcheka peke yake. Gari lilikuwa langu. Nilifanya kazi ya bohari kwenye shamba la miti ya kinini ya dawa, na shamba lilipofungwa niliondoka na gari kuukuu aina ya jipu, ambalo hakuna mtu mwingine aliyelitaka. Nilisoma mpaka mwaka wa sita wa sekondari na diploma yangu niliipata kwa asilimia hamsini kavu, bila hata nusu ya ziada, na Prefe hakuniacha nisahau. Kila alipoahirisha, mimi nilikubali upesi. Nilisema risori za nyuma, zile springi, zimechoka, na ni kweli zilikuwa zimechoka, lakini jioni zile za ubao zilinipendeza kuliko matope. Nilikuwa mtu wa kupanga safari na kulala kitandani mwangu. Katika jambo hilo tulilingana, ila yeye alikuwa na ubao.

Kila jambo kwake lilianza na "Pointi ya kwanza." Ya pili hatukuwahi kuisikia. Nilimwomba siku moja anieleze namna ya kupogoa mparachichi wangu. Akaanza, "Pointi ya kwanza, mti ni nini?" Giza likaingia tukiwa bado kwenye mizizi. Alikuwa mkali wa saa, lakini misa ya saa kumi na mbili alifika wakati wa mahubiri, akisema kuwa masomo aliyajua tayari. Alichukia uongo hata wa mtoto mdogo, ila kwenye kila kizuizi cha polisi alipunguza umri wake. Na mtu huyu aliyeweza kukutajia kila mto unaoingia ziwani kutoka Bukavu mpaka Goma, ukimpandisha garini kwenda Kavumu tu, alitapika kabla ya Kavumu. Alitapika kwa heshima, lazima niseme. Aliomba gari lisimame, akashuka, akaenda nyuma ya mgomba, akarudi akifuta mdomo kwa kitambaa na kuendelea na sentensi aliyoiacha.

Wanafunzi wake wa zamani walimwogopa hata wakiwa na mvi. Nilimwona mwanasheria mmoja, mtu mnene mwenye tai, akificha sigara mfukoni alipomwona Prefe anatokea sokoni. Mfuko ukaanza kutoa moshi. Prefe akamuuliza habari za watoto, mmoja baada ya mwingine, bila haraka, mpaka mwanasheria akaanza kucheza miguu.

Sasa niseme alichokuwa anakiogopa, maana hayakuwa matope. Alipokuwa kijana alipelekwa kufundisha huko huko milimani, na huko ndiko alikompata mke. Mke huyo ana mdogo wake wa kiume, na mdogo huyo alikuwa mwanafunzi wa Prefe. Prefe alimrudisha darasa. Mwaka uliofuata akamrudisha tena. Wakati huo posa ilikuwa imeshapelekwa na ng'ombe wameshafika, na watu wazima wa pale walimfuata mwalimu kumwambia polepole kwamba mtoto huyu sasa ni shemeji yako. Prefe akawajibu kwamba hesabu haina shemeji. Basi baba mkwe alishafariki, na yule kijana wa kurudia darasa ndiye mkuu wa familia. Ana ng'ombe, ana heshima, na mgeni yeyote wa nyumba ile anakaa mbele yake.

"Anaweza kunifanya nini?" Prefe aliniuliza siku moja kupitia tundu la ua, ingawa sikuwa nimemuuliza kitu. "Pointi ya kwanza, alikuwa zaifu. Kila mutu anajua alikuwa zaifu."

Mwaka ninaousimulia, simu ilikuja mwishoni mwa mwezi wa nane. Mama mkongwe ameanguka na hawezi kuinuka. Ubao ulikuwa umejaa, ziwa lilikuwa la buluu, na jipu langu lilikuwa limekaa juu ya mawe bila magurudumu ya nyuma. Mchana huo huo mvula ikanyesha, mapema kuliko mwaka mwingine wowote. Tukaketi watatu ndani, maji yakipiga bati. Mama Prefe hakulia. Alikuwa anakunja nguo.

Hapo mimi nikatoa shauri langu. Nilisema, "Mama Prefe atangulie tu. Apande boti mupaka Nyabibwe, kule atapata pikipiki ya kupandisha. Sisi tutamufata gari ikipona."

Prefe akaliona shauri kuwa jema sana. Hata akalipamba, akasema atakuwa kama mjumbe wa kuangalia hali ya njia. Wazee wawili, diploma mbili, na hakuna aliyekumbuka jambo ambalo msichana wa miaka kumi na tano wa nchi hii analijua. Mwanamke akienda kwao pamoja na mume wake, ametembelea. Akifika kwao peke yake, na begi, baada ya miaka mingi, amerudi. Na mwanamke aliyerudi kwao hatumiwi nauli wala hapigiwi simu. Anafuatwa. Mume anakwenda mwenyewe na mtu wa kumsemea, anakaa chini, anaulizwa, na anajibu.

Mama Prefe alikumbuka, bila shaka. Alichukua beseni la sambaza na begi bila kutukumbusha. Alituaga kwa mkono kama tunavyoaga wageni.

Mkongwe hakufa. Alilala, lakini alikuwa anasema, na alimjua binti yake. Baada ya wiki kadhaa Prefe alimpigia mke wake simu kumuuliza atarudi lini, na aliyepokea ni shemeji. Nilikuwepo, kwa hiyo nilisikia sauti, nzito na yenye adabu nyingi.

"Prefe, shikamoo. Dada iko hapa, iko muzuri. Alikuja peke yake, sisi tukamupokea. Kama kuko mwenye kumutafuta, njia anaijua."

Simu ikakatika. Prefe akaiangalia kama mtu anayeangalia jibu la mwanafunzi ambalo hakulitegemea.

Mwezi ukapita. Alijifunza kupika ugali, nao ukawa na mabonge ambayo aliyaeleza kwa sababu za kisayansi. Jioni alikuja kwenye tundu la ua na kuniambia kwamba mvula za mwezi wa kumi ni mbaya, lakini mwezi wa kwanza kuna kiangazi kidogo, na kiangazi kidogo kikiisha vizuri... Nilimsikiliza, na kwa mara ya kwanza sikupata utamu wowote. Maana mimi pia nilikuwa na mke. Alirudi kwao Walungu baada ya ugomvi wa bure, na mimi nikasema atarudi mwenyewe, hasira zitaisha. Nilingoja wakati mzuri. Watoto aliowazaa baadaye sasa ni watu wazima, na baba yao ni mtu mwingine. Sikuhitaji mtu wa kunieleza mwisho wa mambo yanayongoja kiangazi.

Nikanunua risori za mtumba. Asubuhi moja, mvula ikinyesha kweli kweli, nikasimamisha jipu mbele ya nyumba yake na kupiga honi. Nyuma nilikuwa na blanketi la kumpelekea mkongwe, mfuko wa chumvi, na kidumu cha kasiksi. Alitoka na mwavuli.

"Lakini unaona hii mvula?"

"Ninaiona. Panda."

"Tungefanya kwanza programu ndogo."

"Prefe, panda."

Akapanda. Alitapika Kavumu, akatapika Katana, na Kalehe akaniambia kwamba sasa hakuna kilichobaki, tunaweza kwenda haraka. Pale Nyabibwe tulichepuka. Sitasimulia kila shimo. Kilima cha kwanza tulisukumwa na vijana wa machimbo, wakitucheka, na mmoja akamwambia Prefe, "Muzee, ulichagua siku ya muzuri." Kilima cha pili jipu liligeuka upande kama ng'ombe anayekataa kamba, likakaa. Nikalifunga kwa mawe, nikalikabidhi kwa mama mwenye duka la hapo. Tukapanda kwa miguu, mimi na kidumu, yeye na blanketi chini ya mwavuli, na mfuko wa chumvi tukipokezana. Ukungu ulikuwa mzito, hatukuona mlima hata mmoja. Prefe hakutaja wowote.

Tulifika jioni. Nyumba ilikuwa ya mbao, moto katikati ya chumba, mkongwe amelazwa karibu na joto, na watu wa ukoo wameshajua kwamba tunakuja, maana milimani habari inatembea haraka kuliko jipu. Shemeji hakuinuka. Alituonyesha mahali pa kusimama, karibu na mlango, pale bati linapovuja.

"Nani anasema?" aliuliza.

Kwa desturi, mume haruhusiwi kujisemea. Prefe akafungua mdomo, akaufunga. Nilimwona akiumia.

"Ni mimi," nilisema.

"Basi sema. Prefe atasikiliza tu. Zamani alikuwa anatuambia mikono juu ya meza, midomo kimya." Watu wakacheka. "Leo chaki iko mu mukono yangu."

Nikaanza vibaya. Nilisema habari za mvula, za risori, za boti. Shemeji akaniacha niendelee mpaka nikaishiwa, kama walivyo watu wazoefu. Kisha akauliza, "Alitumwa na nani kuja peke yake?"

Nikasema, "Ni mimi nilisema atangulie. Prefe alikubali, lakini maneno yalitoka kwangu. Tulikosa akili sisi wote wawili."

"Na weye, muke yako iko wapi?"

Chumba kizima kilikuwa kinaniangalia. Mama Prefe alikuwa nyuma ya moto, kitambaa kichwani, haniangalii mimi wala mume wake.

"Alirudi kwao. Sikumufata."

Hakuna aliyecheka. Shemeji akageuza kijiti kwenye moto. Nadhani alikuwa na maneno makubwa aliyoyatunza tangu utoto, na sasa hakuwa na hakika ayaweke wapi. Ndipo sauti ikatoka pale chini, nyembamba, kwenye blanketi za mkongwe.

"Lakini huyu amekuja."

Alisema kwa lugha yao, na mtu mmoja akanitafsiria, lakini hata bila tafsiri ningeelewa. Shemeji akamgeukia dada yake, akamuuliza swali ambalo lazima liulizwe, na ambalo jibu lake hakuna mtu mwingine anayeweza kulitoa.

"Dada. Huyu mutu unamujua?"

Mama Prefe alimwangalia mume wake kwa mara ya kwanza. Alianzia kichwani akashuka polepole. Prefe alikuwa na matope mpaka mapajani, mwavuli umevunjika mbavu mbili, na maji yanamtoka kwenye mikono ya koti. Hakuwa anafanana na mtu aliyewahi kumuuliza mwingine swali.

"Viatu vyake vimelowana," alisema. "Avue, atagonjwa."

Mtu akasukuma kigoda karibu na moto. Prefe akakaa, akainama, akaanza kufungua kamba. Zilikuwa zimevimba kwa maji, na vidole vyake vilikuwa vimekufa kwa baridi, havishiki. Alijaribu mguu wa kulia, akauacha, akajaribu wa kushoto. Tulimwangalia wote. Kisha shemeji akashusha pumzi, akasogea, akapiga goti mbele yake na kuanza kumfungulia.

Mimi nikasema ninatoka kuangalia jipu. Jipu lilikuwa mbali kule chini, kilima cha pili, na wote walijua hivyo, lakini walinipisha mlangoni.